Mgeni Aliyekula Firigisi

Kuku alikuwa wa Mwinjilisti Wekulo, na firigisi ya kuku huyo ilikuwa yake zaidi. Nangila aliipasua, akaimenya ule utando wa njano, akaisugua kwa chumvi, akaiosha tena, maana mtu hasafiri usiku kucha kutoka Kimilili hadi Dandora ili aje atafune mchanga. Kwao Waluhya firigisi haigawanywi. Huliwa na mwenye nyumba, na siku mwenye nyumba akipata mgeni wa heshima, humwachia, akameza mate na kutabasamu. Patrobas, mumewe, alikuwa ameanza kulifanyia mazoezi tabasamu hilo mapema wiki hiyo.

Patrobas alikuwa mzee wa kanisa, na asubuhi hiyo ya Jumamosi alikwenda stendi ya mabasi ya Muthurwa kumpokea mwinjilisti. "Tukipotezana atakuja mwenyewe," alisema akitoka. "Nimemwelekeza mpaka kwa geti ya ploti. Akifika, usianze maswali yako. Mpe maji, mpe chakula, aombee nyumba."

Hapo alimwonea mkewe. Nangila hakuwa mtu wa maswali, alikuwa mtu wa majibu. Alhamisi iliyotangulia, katika ushirika wa akina mama, walijadili habari ya uovu na adhabu. Norah, jirani yake wa mlango wa pili, mama mpole anayeitwa Mama Jackton, alisema mwizi naye ni kiumbe wa Mungu, asamehewe sabini mara saba. Nangila akasimama. "Mama Jackton," akasema, "Mungu mwenyewe ana jehanamu. Anayeona adhabu ni mbaya amwambie Mungu aizime." Akina mama walicheka na kupiga makofi. Norah akaketi na soda yake. Tangu siku hiyo Nangila alikuwa akipita uani kichwa juu, akijihisi kama aliyemsaidia Mungu kazi.

Basi ugali ulikuwa umeiva na mchuzi unatokota pazia la mlangoni lilipofunguka bila hodi. Akaingia kijana mwembamba, jasho linamtiririka, shati limemganda mgongoni, mguu mmoja una patipati na mwingine hauna kitu. Akasimama katikati ya chumba. Akatazama mlango, akatazama dirisha lenye nondo, akamtazama Nangila.

Mwingine angepiga yowe. Nangila alifuta mikono kwenye leso.

"Mulembe, mtumishi."

Kijana alimeza mate. "Mulembe, mama," akaitikia, na kwa lafudhi safi ya watu wa magharibi.

"Hamkuonana na mzee Muthurwa?"

"Hatukuonana, mama."

"Nilijua. Ukimwambia asimame mbele, yeye anasimama nyuma. Na mizigo?"

"Mizigo nimeiacha hapo nyuma kidogo," kijana akasema, na hilo, Mungu ni shahidi, lilikuwa kweli. Mzigo wenyewe ulikuwa mtungi wa gesi wa Norah, na aliuacha nyuma ya tangi la maji alipoona watu wanamkaribia. Sisi tumeshajua. Nangila alikuwa bado.

Alimtazama mguu. Musa alivua viatu vyote viwili mbele ya kichaka kile kilichowaka, huyu alikuwa amevua kimoja. "Na kiatu?"

"Kilitoka njiani, mama. Nilikuwa naharakisha."

Nangila alimhurumia sana. Alimvua ile patipati ya buluu iliyobaki, ambayo ukanda wake ulikuwa umeshonwa kwa waya, akaisukuma chini ya kochi, akamletea makubazi ya Patrobas. Akamnawisha mikono. Akamwekea ugali, akamwekea kuku, na juu ya kuku akaweka firigisi kwa vidole viwili.

"Tuombee chakula, mtumishi."

Kijana alifumba macho. Kisha akaanza, na sauti ilikuwa inatetemeka.

"Baba, wewe unajua nimetoka wapi sasa hivi. Wale wananitafuta, Baba, wapoteze njia. Wafunge macho, waende upande ule mwingine. Huu mlango, Baba, uufiche. Na huyu mama, ambaye hanijui na amenipa kuku..." Hapo sauti ikakatika.

"Amina! Amina!" Nangila alisema kwa nguvu. Hajawahi kusikia sala yenye kiu namna ile. Patrobas huomba kama anayesoma matangazo ya kanisa. Alijua pia kwamba watumishi wa Mungu huandamwa na Shetani popote waendapo, kwa hiyo hakuona ajabu yoyote.

Mgeni alianza na firigisi. Aliitafuna taratibu, macho yamefumbwa, na Nangila akafurahi, maana mpishi hulipwa kwa hayo tu.

Ndipo kelele zilipoanza uani. Sufuria ziligongwa, mtu akapiga filimbi, na sauti nyingi zikaita kwa pamoja: "Mwizi! Mwizi!"

"Umesikia, mtumishi?" Nangila alisema, uso umemng'aa. "Wezi ndio wanatumaliza hapa. Leo atapatikana."

Kijana aliacha kutafuna. "Akipatikana, mama, watamfanya nini?"

Nangila alifungua kinywa kumpa lile jibu la Alhamisi, lenye jehanamu ndani yake. Kabla hajalitoa, mtu alibisha nje.

* * *

Alikuwa Obura, muuza makaa wa pale getini, mtu mkubwa mwenye mikono myeusi. Mkononi alishika patipati moja ya buluu. Ukanda wake ulikuwa umeshonwa kwa waya.

"Mathe, kuna msee, kijana hivi, amepitia hapa? Amebeba mtungi ya Mama Jackton. Amewacha hii."

Nyuma yake ua ulikuwa umejaa. Norah alikuwepo, kitambaa kimemtoka kichwani, mwiko wa ugali mkononi, analia kwa hasira. "Mtungi wangu!" alikuwa akisema. "Mtungi wenyewe nimejaza juzi! Nikimpata, yawa, nikimpata!" Huyu ndiye Norah wa sabini mara saba. Na karibu na kamba za nguo, jamaa mmoja alikuwa amelaza tairi kuukuu chini, akalikalia, akawa anasubiri. Hakuwa na haraka wala hasira. Ni kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi.

Nangila alilitazama lile tairi. Alilijua la nini. Kila mtu mle ndani ya Dandora anajua la nini. Ila hajawahi kusimama karibu nalo namna ile, na sufuria ya mchuzi nyuma yake.

"Hapa niko na mgeni," akasema. "Mhubiri wa mzee. Anakula." Akalivuta pazia.

Akageuka. Kijana alikuwa amesimama, mgongo umegusa ukuta, mdomo unang'aa mafuta ya kuku.

"Wewe si Wekulo," Nangila akanong'ona.

"Sikusema mimi ni Wekulo, mama."

Nangila alirudi nyuma kwa mawazo, akapitia maneno yote, akaona ni kweli, na jambo hilo likamkera kuliko kama angedanganywa. "Umeomba! Umemwomba Mungu na wizi mkononi!"

"Nimeomba vile nilikuwa naogopa."

"Na umekula firigisi!"

Kijana alijifunika mdomo kwa kiganja, kana kwamba ingeweza kurudishwa. Nangila akaketi. Hapo ndipo palipomuuma. Mama mkwe wake, ambaye alimfundisha kumpasua kuku, alimwambia siku ileile: mtu aliyepewa firigisi nyumbani kwako, damu yake ikimwagika kabla hajatoka kwenye geti lako, imemwagika ndani ya sufuria yako. Nangila alicheka wakati ule. Alisema hayo ni mambo ya watu wasiookoka. Sasa hakuona cha kuchekesha.

"Mtungi uko wapi?"

"Nyuma ya tangi."

"Ulikuwa unaupeleka wapi?"

"Kuuza."

"Kwa nini?"

Kijana alifikiri. "Nikikwambia ni njaa, utaniamini?"

"Hapana."

"Basi ni njaa, lakini sio njaa peke yake. Nimezoea."

Lo! Angelia angalau, Nangila aliwaza. Angesema mama yake ni mgonjwa, angempa mtu pa kushika. Lakini kijana hakulia, na Nangila akajikuta anamwamini, jambo ambalo halikuwa katika mipango yake ya siku hiyo.

* * *

Nje ikasikika sauti ya Ndeti, keyateka anayeitunza ploti hiyo ya vyumba vya kupanga: "Mzee Patrobas, harakisha! Mhubiri wako ako ndani, ameshaanza kula."

"Mhubiri wangu ndiye huyu," ikajibu sauti ya Patrobas.

Nangila alifungua pazia. Patrobas alikuwa amesimama katikati ya umati, na kando yake mzee mnene mwenye suti ya kahawia, begi mkono mmoja, Biblia mkono mwingine, na njaa ya safari usoni. Watu wakamtazama mhubiri wa nje. Wakatazama mlango wenye mhubiri wa ndani. Obura akaitazama patipati.

"Mama Wafula," Patrobas alimwuliza mkewe, kwa ile sauti yake ya vikao vya kanisa, "nani yuko ndani?"

Jibu rahisi lilikuwepo. Mtoto wa dada yangu, amefika leo kutoka nyumbani. Nani Nairobi hii hana mtoto wa dada anayefika bila taarifa? Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini Patrobas anawajua watoto wote wa dada za mkewe, na Patrobas hajui kudanganya. Aliwahi kufukuzwa kibarua Industrial Area kwa kumwambia mwenye kiwanda kwamba amenenepa. Angesema ukweli papo hapo, mbele ya watu wote, na kwa moyo mweupe kabisa. Na hata bila Patrobas, Nangila aliona kwamba hataki kumwokoa mtu kwa uongo halafu akae akiulinda uongo huo maisha yake yote. Aliogopa sana.

"Ni mwizi," akasema. "Ndiye aliyechukua mtungi. Uko nyuma ya tangi la maji. Nami nilidhani ni mwinjilisti, nikampa kuku. Nikampa na firigisi."

Patrobas aliweka mkono kifuani. Umati ulisukumana mbele, na Nangila akashika fremu ya mlango huku na huku, akauziba wote, maana umbo Mungu hakumnyima.

"Sijasema asiadhibiwe!" akapaza sauti. "Mimi si mtu wa huruma, mnanijua!"

Walimjua. Mtu mmoja nyuma alicheka.

"Lakini kwangu mtu hafi na chakula mdomoni!"

"Mathe, toka kwa mlango," Obura akasema, si kwa ukali. "Tukimpeleka kwa karao pale kituoni, jioni ako nje. Kesho ni mtungi yako."

"Mwulizeni mhubiri," Ndeti akashauri. "Si yuko hapa?"

Watu wote wakamgeukia Mwinjilisti Wekulo. Aliweka begi chini, akakohoa. Alianza na jicho kwa jicho, na waliokuwa mbele wakaitikia. Akapita kwa sabini mara saba, wakanyamaza. Akaingia kwa yule mwivi aliyesulubiwa upande wa kuume, akageukia Warumi kumi na tatu penye mamlaka na upanga, na alipomaliza kila mtu alikuwa na aya ya kumtosha, na tairi bado lilikuwa palepale.

Nangila aliona kwamba Neno limefika mwisho wake kwa siku hiyo, na kilichobaki ni sufuria.

"Obura," akasema, "umekula?"

"Hii sio maneno ya kula."

"Nimekuuliza, umekula?"

Obura alisita. "Nimekunywa chai."

"Basi nawa mikono."

Hakungoja jibu. Aliingia, akatoka na sufuria yote ikifuka mvuke, akaichukua mikono ile myeusi, akaimiminia maji, na kabla mwenyewe hajakata shauri akamwekea paja la kuku kiganjani. Obura alilitazama paja. Yeye hakuwa Mluhya, lakini alikuwa na nyanya kule Siaya, na nyanya wote wa upande ule wa nchi wana sheria moja kuhusu mtu mnayekula naye sufuria moja. Alijua vizuri anachofanyiwa. Alitazama huku na huku kama anayetafuta pa kuliweka, na pa kuliweka hapakuwa isipokuwa mdomoni. Akaiacha patipati ianguke.

"Na wewe hapo kwa tairi," Nangila akaita. "Ndiyo, wewe. Simama ule. Utakula umekalia uchafu?"

Yule jamaa alisimama. Alipewa bawa. Ndeti alipata mgongo, wengine wakapata ugali uliochovywa kwenye mchuzi, na nyuma watu walianza kusukumana upya, safari hii wakiogopa kuishiwa. Mwinjilisti Wekulo alimfuata kuku wake kwa macho, kipande baada ya kipande, kutoka mkono huu hadi mkono ule. Patrobas alijaribu lile tabasamu la mazoezi, likakataa.

"Papa," Nangila alimwambia mwinjilisti kwa adabu, kama anayemwita baba yake, "shingo ipo."

* * *

Norah peke yake hakunawa.

"Mimi sili," akasema, na watu wakaacha kutafuna. "Kuleni tu. Nyinyi mmeibiwa nini? Mnasamehe mtungi wa nani? Obura, ni wewe unapika kwa hiyo gesi? Mama Wafula, ni wewe ulikuwa ulale njaa na watoto?"

Nangila alihisi aibu inampanda shingoni. Katika kuzungusha sufuria alikuwa ameanza kujipenda kidogo, na kumbe aligawa kitu kisichokuwa chake.

"Alhamisi nilisema sabini mara saba," Norah akaendelea, akifuta pua kwa mkono wenye mwiko. "Nilisema hivyo kwa sababu gesi yangu ilikuwa kwa nyumba."

"Na mimi nilisema jehanamu," Nangila akasema taratibu, "kwa sababu hakukuwa na mtu namjua wa kwenda huko."

Walitazamana. Norah alikuwa wa kwanza kuondoa macho.

"Nataka afungwe," akasema. "Sitaki achomwe. Sikusema achomwe, nilisema tu nikimpata. Lakini nataka alale kwa simiti, aamke mgongo unamuuma, ajue."

"Ni haki yako. Twende. Mimi ndiye shahidi."

Kijana alitolewa nje. Watu walimfungulia njia, wengine wakilamba vidole, wengine wakitazama pembeni kama watu waliokutana na mkwe njiani. Alikwenda nyuma ya tangi, akautoa mtungi, akaubeba begani mpaka mlangoni kwa Norah, akautua bila kelele. Kisha akapiga magoti kwenye simiti yenye unyevu.

"Nisamehe, mama."

"Sijakusamehe," Norah akasema. "Simama twende."

Wakaenda, kijana katikati na makubazi ya Patrobas miguuni, Nangila ameshika mkono wa shati upande mmoja, Norah upande mwingine, mwiko bado anao. Obura na Ndeti walifuata nyuma kwa mbali, kuhakikisha hakuna wa mtaa mwingine atakayejiingiza kwenye habari isiyomhusu. Njiani kijana alikanyaga mtaro, na Nangila akamwambia aangalie, hayo makubazi ni ya watu.

Kituoni, afisa wa zamu aliwatazama wote watatu, akashindwa aanzie wapi.

"Nani ameibiwa?"

"Mimi," Norah akasema.

"Nani ameiba?"

"Mimi," kijana akasema. Akaulizwa jina, akajibu, "Opicho." Nangila aligeuka kumtazama. Alimlisha, akamwitikia amina, akataka kumfia mlangoni, na jina ndiyo kwanza analisikia.

"Na wewe mama?" afisa alimwuliza Nangila. "Wewe ni nani hapa? Unamshtaki ama unamtetea?"

"Namshtaki," Nangila akasema. "Niko tayari kusema yote niliyoona, hata kortini, na mkimfunga ni sawa. Na kesho nikitoka kanisani namletea chakula, kwa hivyo nataka nimkute na meno yake yote."

Afisa aliweka kalamu chini. Alimgeukia Norah, kama mtu anayeomba msaada. "Mama, wewe ndiye mwenye mali. Wewe unasemaje?"

Norah alimtazama Opicho kwa muda mrefu. Alitazama ule mdomo ambao bado ulikuwa na mafuta.

"Kuku, hapana," akamwambia Nangila. "Mletee sukuma wiki."